Lawrence wa Arabia: kifo cha pikipiki kilichofunza waganga kulinda vichwa

Wengi wanamjua kwa jina la Lawrence wa Arabia, juu ya vita alivyopigana jangwani pamoja na Waarabu, na juu ya filamu iliyotoka mwaka wa 1962. Lakini kuna upande mwingine wa maisha yake ambao wamotari wa hapa kwetu wangefaa kuujua. Thomas Edward Lawrence alipenda mbio za pikipiki kupita kiasi. Mbio hizo zilimuua, na kifo chake kikamsukuma muganga mmoja kutafuta namna ya kuokoa wengine.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1888 huko Tremadog, Wales, akakomalia mji wa Oxford, Uingereza. Mapenzi yake ya barabara yalianza na baiskeli. Mwaka wa 1908, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alizunguka Ufaransa kwa baiskeli akitazama ngome za zamani, safari ya kilometa zaidi ya 3,000.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, Lawrence alikuwa amekwisha kuzoea Kiarabu na nchi za Mashariki ya Kati. Mwaka wa 1916 jeshi la Uingereza lilimtuma kwa Waarabu walioasi utawala wa Waturuki. Alisafiri nao kwa ngamia, na baadaye pia kwa magari ya chuma ya Rolls-Royce yaliyokwenda mbio kwenye mchanga mgumu wa jangwa. Mwezi wa saba 1917 walikamata bandari ya Akaba, na mwaka uliofuata wakaingia Damascus.

Alirudi kwao na sifa nyingi, lakini moyo haukutulia. Ndugu zake wawili walikuwa wamekufa vitani. Waarabu walikuwa wameahidiwa uhuru, kumbe Uingereza na Ufaransa walikuwa wamepanga kugawana nchi zao. Ile kanali yenye jina kubwa ikaacha cheo. Mwaka wa 1922 Lawrence aliingia jeshi la anga kama askari wa chini kabisa, tena kwa jina la uongo, John Hume Ross. Magazeti yakamgundua, akafukuzwa. Akaingia kikosi cha vifaru kwa jina lingine, T. E. Shaw, na mwaka wa 1925 akarudishwa katika jeshi la anga.

Miaka hiyo ya kujificha, pikipiki ndiyo ilikuwa raha yake. Alichagua Brough Superior, zilizotengenezwa Nottingham na George Brough. Zilikuwa pikipiki za bei kali sana, na aina moja aliyonunua, SS100, ilihakikishwa kwamba inafika maili 100 kwa saa, yaani kilometa 160. Enzi hiyo magari mengi hayakuweza kufika mwendo huo. Lawrence alikuwa na saba, moja kiisha ingine, na ya nane alikuwa ameiagiza. Alizipa jina la Boanerges, lile ambalo Yesu aliwapa Yakobo na Yohana, maana yake wana wa ngurumo. Mwaka wa 1926 alimwandikia fundi wake kwamba amekwisha kutembea maili 100,000 juu ya pikipiki zake. Katika kitabu chake juu ya maisha ya kambini, anaeleza siku moja aliposhindana na ndege ya vita iliyoruka chini chini juu ya barabara, na akaiacha nyuma.

Ni rahisi kumuita mwenda wazimu. Lakini mtu huyo huyo alijua kwamba mbio zinaweza pia kuokoa. Mwezi wa pili 1931, karibu na Plymouth, aliona ndege ya majini ikianguka baharini, watu wakafa. Mashua za kuokoa za wakati ule zilikuwa nzito na zilijikokota. Lawrence akatumia miaka yake ya mwisho jeshini kusaidia kutengeneza na kujaribu mashua za mwendo mkali kwa ajili ya waliozama. Mashua za namna hiyo ziliokoa marubani wengi katika vita ya pili ya dunia, lakini yeye hakuziona zikifanya kazi hiyo.

Aliacha jeshi mwanzoni mwa 1935, akaenda kuishi katika nyumba yake ndogo ya Clouds Hill, Dorset. Tarehe 13 Mei alipanda pikipiki kwenda kutuma telegramu kwenye kambi ya Bovington. Si mbali: kilometa mbili tu hivi. Wakati wa kurudi, barabara ilishuka kwenye bonde dogo. Upande wa pili kulikuwa na vijana wawili juu ya baiskeli, naye hakuwaona mpaka alipokaribia. Alikata kona kuwakwepa, akamgusa mmoja, akarushwa mbele juu ya usukani. Kichwa kilikuwa wazi. Yule kijana alipona. Lawrence hakuamka tena. Alikufa tarehe 19 Mei, na umri wa miaka 46.

Kati ya waganga walioitwa kumuhudumia alikuwa Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia na bingwa wa upasuaji wa ubongo. Hakuweza kufanya kitu, na jambo hilo halikumtoka. Vita ya pili ilipoanza, askari wengi wapeleka-barua walikufa juu ya pikipiki, na Cairns akaanza kuhesabu. Mwaka wa 1941 alionyesha kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendeshaji na abiria wa pikipiki 2,279 walikufa katika barabara za Uingereza, wengi juu ya majeraha ya kichwa. Kati ya walioanguka na kofia ngumu kichwani, ile tunaita kaske, alikuta saba tu, na hakuna aliyekufa. Mwezi wa 11 mwaka huo, jeshi likaamuru kila askari wa pikipiki avae kaske akiwa kazini. Kwa raia wote wa Uingereza, sheria ilifika mwaka wa 1973. Cairns alikuwa amekufa tangu 1952.

Wamotari wetu wengi wanatundika kaske kwenye usukani na kuivaa tu wakiona polisi, na mteja wa nyuma mara nyingi hana hata moja. Sababu ni ile ile kila siku: eti tunakwenda hapa karibu. Lawrence, aliyemaliza maili 100,000 na kushinda ndege, naye alikuwa anatoka hapa karibu, posta.