Chemirocha: Mwimbaji wa Marekani aliyegeuka swala katika Bonde la Ufa

MKAZI wa Lodwar au Kakuma hahitaji kufunzwa jinsi nyimbo zinavyosafiri. Tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe Kakuma mwaka wa 1992, watu kutoka Sudan, Somalia, Ethiopia na Kongo wamefika na nyimbo zao, hata waliopoteza kila kitu kingine. Lakini kusini zaidi katika Bonde la Ufa, sauti ya mgeni iliwahi kutangulia, na mwenyewe asifike kamwe.

Mgeni huyo ni marehemu Jimmie Rodgers, aliyezaliwa Septemba 8, 1897, jimboni Mississippi, Marekani. Alifuata nyayo za babake katika kazi ya reli, na mwaka wa 1924 akagunduliwa kuwa na kifua kikuu. Kazi ya sulubu ilipomshinda, aligeukia gitaa.

Agosti 1927 alirekodi nyimbo zake za kwanza mjini Bristol, Tennessee, chini ya kampuni ya Victor. Novemba mwaka huo alirekodi Blue Yodel, kibao kilichompa umaarufu kwa ile sauti yake iliyoruka ghafla kutoka nzito hadi nyembamba. Mnamo 1930 alirekodi pamoja na Louis Armstrong, nguli wa jazi.

Maradhi hayakumpa nafasi. Mei 1933 alikwenda New York kurekodi, akihitaji fedha za kuikimu familia yake, na ikabidi awekewe kitanda apumzike kati ya wimbo na wimbo. Alifariki Mei 26, akiwa na umri wa miaka 35.

Hata hivyo, santuri zake ziliendelea na safari. Zilipowafikia Wakipsigis, jina lake lilitamkwa Chemirocha. Kwa kuwa sauti ilisikika bila mtu kuonekana, alisawiriwa kama kiumbe nusu mtu, nusu swala.

Mwaka wa 1950, mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet na kurekodi nyimbo tatu zenye jina hilo. Iliyovuma zaidi ni ya tatu, iliyoimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake kwa mlio wa kinubi cha kienyeji.

Rodgers alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la muziki wa kantri mwaka wa 1961. Wasichana wa Kapkatet walilazimika kungoja zaidi. Ni baada ya miongo sita ambapo maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey nchini Afrika Kusini ilirudisha nakala za nyimbo hizo kijijini. Isitoshe, wenzake Chemutoi walihifadhiwa kama wasichana wa Kipsigis tu, bila majina.

Hilo ni funzo kwa yeyote anayepeleka kinasa sauti Turkana leo, iwe ni katika maboma ya Lodwar au kambini Kakuma. Wimbo ukinaswa bila jina la mwimbaji, sauti itabaki, lakini mwenyewe atageuka kuwa hadithi.