Philly Lutaaya: Nyota aliyesema ukweli watu wakabisha

Krismasi ikikaribia, redio za Uganda zinazoshikika hapa Busia na Malaba humrudisha hewani Philly Bongoley Lutaaya. Albamu yake ya Krismasi ni ya miaka ya 1980, lakini bado inapigwa utadhani imetoka juzi. Wengi wetu tunaozicheza nyimbo hizo hatujui mwenyewe alikufaje.

Lutaaya alizaliwa 1951. Muziki ulimnasa mapema, akaacha shule akiwa bado kijana mdogo na kuingia kwenye bendi. Miaka ya 1980 alihamia Sweden, akaishi Stockholm, na huko ndiko alikorekodi Born in Africa, albamu iliyomfanya kipenzi cha Waganda waliokuwa wamechoshwa na vita. Ndipo akapimwa, akaambiwa ana virusi vya ukimwi.

Hebu fikiria. Angenyamaza tu huko Ulaya na Kampala isingejua kitu. Badala yake, 1989 alirudi nyumbani akatangaza hadharani kwamba anaugua. Wakati huo Waganda waliuita ugonjwa huo Slim, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu, na walitaja jina hilo kwa kunong'ona. Hakuna Mganda mwenye jina kubwa aliyekuwa amejitokeza hivyo.

Unadhani walimkumbatia? Wapi! Wengi walibisha. Mwili wake ulikuwa bado na nguvu, kwa hiyo ikasemwa anatafuta pesa na kuuza kaseti. Leo tungesema anatafuta kiki. Watu walimtazama usoni, hawakuona ugonjwa, wakaamua haupo.

Kosa hilo halijaisha. Tembea Malaba jioni uone msururu wa malori ya barabara ya Mombasa hadi Kampala, madereva wakingoja karatasi, lojing'i zimejaa, vijana wakisaka riziki. Ni mpaka huu uliolipa jina boda boda, zile baiskeli zilizovusha watu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Pesa hupita hapa, na maambukizi nayo hupita. Lakini kijana akiingia kliniki, mara nyingi swali la kwanza ni: unaumwa wapi? Kwa miaka mingi magonjwa ya zinaa katika vituo vyetu yametibiwa kwa kufuata dalili: usaha, kidonda, maumivu ya tumbo la chini. Asiye na dalili hurudi nyumbani na tabasamu.

Shida ni kwamba klamidia na kisonono, hasa kwa wasichana, mara nyingi havionyeshi dalili yoyote. Vinakaa kimya, vinapanda hadi kwenye mirija ya uzazi, na miaka kadhaa baadaye mtu anashangaa mbona hashiki mimba. Kipimo chake kinaweza kufanywa kwa mkojo tu, na mashine za GeneXpert zinazotumika kupima kifua kikuu zina uwezo huo pia zikipewa vifaa vyake. Kaswende na virusi vya ukimwi hupimwa kwa tone la damu ya kidole. Kinachokosekana zaidi ni mhudumu wa kumwambia kila kijana, mlango ukiwa umefungwa, kwamba kipimo kipo hata kama haumwi. Kuulizwa kwa sauti mbele ya foleni ambamo yumo jirani ya mama yako, hapo hata mimi ningekimbia.

Halafu kuna suala la mzazi. Sheria ya ukimwi ya Kenya ya 2006 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa aliye chini ya miaka 18, lakini inamruhusu kujiamulia aliye mjamzito, aliyeolewa, aliye mzazi, au ambaye mwenendo wake unamweka hatarini. Wangapi wameambiwa hivyo?

Lutaaya alichagua kwenda kwa vijana wenyewe. Miezi yake ya mwisho aliizunguka Uganda akizungumza shuleni na makanisani, mwili ukizidi kuisha, kamera zikimfuata. Filamu iliyotokana na safari hiyo ilionyeshwa Marekani 1990. Alitoa pia wimbo Alone and Frightened, kuhusu upweke wa mgonjwa. Waliokuwa wakibisha wakaona kwa macho yao. Dawa za kumwokoa hazikuwapo. Leo zipo, na anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Alifariki Desemba 15, 1989, akiwa na miaka 38, siku kumi kabla ya Krismasi. Mwaka uliofuata Kampala ilifungua AIDS Information Centre, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuingia akapimwa bila hata kutaja jina lake.