Frank Lockhart: Aliyeyavaa magari ya injini za ndege kwa cc 3,000 tu

Mwaka 1926 sheria za mbio za Indianapolis 500 nchini Marekani zilibana injini: mwisho lita 1.5, yaani cc 1,500. Ukubwa huo leo unaukuta kwenye gari dogo la kwenda nalo kazini.

Wengi waliona wamefungwa mikono. Frank Lockhart, kijana mzaliwa wa Ohio aliyekulia California, aliona ndiyo nafasi yake.

Mwaka huo aliingia Indianapolis kwa mara ya kwanza, akishika gari la dereva aliyekuwa mgonjwa. Mvua ikakatisha mbio kwenye maili 400, naye ndiye akiwa mbele. Mgeni kachukua ubingwa!

Kisha akaigeukia hewa. Injini za Miller za wakati huo zilisukumiwa hewa kwa nguvu, lakini hewa ikishindiliwa inapata moto, na ikipata moto injini inapoteza nguvu. Lockhart na mafundi wake wakaweka kifaa cha kuipoza kabla haijaingia kwenye silinda. Leo mafundi wanakiita intakula.

Mwaka 1927, kwenye ziwa kavu la Muroc, California, injini hiyo ya cc 1,500 ilimpeleka zaidi ya kilomita 260 kwa saa.

Hapo akataka kubwa zaidi: rekodi ya dunia ya mwendo kasi, kwenye mchanga wa ufukwe wa Daytona, Florida.

Huko hapakuwa na ukomo wa cc. Sharti lilikuwa kukimbia pande zote mbili, kwenda na kurudi, kisha unachukuliwa wastani. Ndiyo maana wapinzani walibeba injini za ndege. Gari la Ray Keech lilikuwa na tatu, jumla cc 81,000.

Lockhart alikuja na Stutz Black Hawk, gari dogo, jembamba, lenye injini mbili za Miller zilizounganishwa: silinda 16, cc 3,000 tu.

Februari 1928 gari lilimtoka mkononi likaingia baharini. Watu wakakimbilia majini kumwokoa. Gari likatengenezwa upya.

Aprili 22, Keech akaweka rekodi ya kilomita 334 kwa saa. Siku tatu baadaye Lockhart akarudi ufukweni. Alishapita kilomita 320 upande mmoja, akageuza. Tairi la nyuma likapasuka, gari likabiringika, naye akatupwa nje. Inaaminika tairi lilikuwa limechanwa na ganda la kombe mchangani.

Alifariki akiwa na miaka 25, bila rekodi aliyoitaka.

Injini yake haikufa naye. Iliokolewa, ikafungwa kwenye gari lingine, na mwaka 1939 ikarudi kushindana Indianapolis. Na wazo lake la kupoza hewa liko leo kwenye magari mengi yenye turbo, yakiwemo malori unayopishana nayo barabarani.