Ufahamu: Julius Axelrod na Siri ya Neva

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali.

Julius Axelrod alizaliwa tarehe 30 Mei 1912 katika jiji la New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji Wayahudi, na baba yake alikuwa msusi wa vikapu. Alihitimu chuo mwaka 1933 akitamani kuwa daktari, lakini vyuo vya udaktari alivyoomba vilimkataa. Wakati huo uchumi wa nchi ulikuwa umedorora na kazi zilikuwa adimu. Akapata kazi ya usaidizi wa maabara, kisha akahamia maabara iliyopima vitamini zilizoongezwa kwenye vyakula. Humo chupa ya amonia ililipuka, ikamharibu jicho la kushoto. Hakukata tamaa. Alisoma masomo ya usiku, na mwaka 1941 akapata shahada ya uzamili.

Mwaka 1946 alianza kushirikiana na mtafiti Bernard Brodie. Walitaka kujua kwa nini baadhi ya dawa za maumivu za wakati huo zilidhuru damu ya wagonjwa. Waligundua kwamba moja ya dawa hizo, asetanilidi, hugeuka ikiwa mwilini na kuwa parasetamoli, na kwamba parasetamoli ndiyo hasa inayotuliza maumivu. Kazi hiyo ilifungua njia ya dawa ambayo leo inapatikana karibu katika kila duka la dawa.

Mwaka 1949 Axelrod aliajiriwa katika taasisi ya serikali ya utafiti wa afya huko Bethesda. Hata hivyo, bila shahada ya uzamivu ilikuwa vigumu kupandishwa cheo. Alirudi darasani, akaipata mwaka 1955 akiwa amepita umri wa miaka 40.

Ndipo alipogeukia mawasiliano ya neva. Seli moja ya neva hutoa kemikali, kwa mfano noradrenalini, ambayo hupeleka ujumbe kwa seli ya jirani. Swali lilikuwa: ujumbe ukishafika, kemikali hiyo huishia wapi? Mwaka 1957 Axelrod aligundua kimeng'enya kinachoivunjavunja, na ikaonekana kwamba jibu limepatikana. Lakini kimeng'enya hicho kilipozuiwa, ujumbe bado ulikatika. Ilimbidi akubali kwamba ugunduzi wake mwenyewe haukutosha.

Yeye na wenzake wakatumia noradrenalini yenye mionzi ili waweze kuifuatilia. Waliwaondolea paka baadhi ya neva za upande mmoja wa kichwa, kisha wakawadunga kemikali hiyo. Upande wenye neva uliihifadhi. Upande usio na neva haukuihifadhi, ila kidogo sana. Maana yake ni kwamba neva huifyonza tena kemikali iliyoitoa, kama mtu anayeokota mbegu zake ili azipande upya.

Ugunduzi huo ulieleza fumbo jingine. Nchini Uswisi, daktari Roland Kuhn alikuwa ameona kwamba dawa ya imipramini huwasaidia wagonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na matumaini. Hakuna aliyejua inavyofanya kazi. Mwaka 1961 Axelrod na wenzake walionyesha kwamba imipramini huzuia ufyonzaji huo, hivyo kemikali hubaki kati ya seli kwa muda mrefu zaidi. Watafiti wengine wakafuata njia hiyo kutengeneza dawa mpya za sonona. Hata hivyo, fumbo halijaisha: dawa hizi huzuia ufyonzaji ndani ya saa chache, lakini mgonjwa huchukua wiki kadhaa kupata nafuu.

Mwaka 1970 Axelrod alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Bernard Katz na Ulf von Euler. Alifariki tarehe 29 Desemba 2004. Kijana aliyekataliwa na vyuo vya udaktari hakuwahi kuwa daktari wa hospitali, lakini kazi yake imewafikia wagonjwa wengi.

Maswali

1. Taja vikwazo vitatu alivyokutana navyo Axelrod.
2. Kwa nini ugunduzi wa mwaka 1957 haukutosha?
3. Jaribio la paka lilithibitisha nini?
4. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (a) adimu (b) huifyonza (c) fumbo.
5. Fupisha aya ya sita kwa maneno yasiyozidi 40.