Haig-Brown: Mtoto wa winga aliyeupigania mto hadi mwisho

Mashabiki wengi wa soka wanalijua jina la Walter Tull. Yule mchezaji mweusi wa Tottenham Hotspur na Northampton Town aliyepanda hadi kuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, akauawa Ufaransa Machi 25, 1918. Wanaomjua bosi wake ni wachache mno.

Kikosi chao kilikuwa batalioni ya 23 ya Middlesex, kile kilichoitwa kikosi cha pili cha wanasoka, kwa sababu kilianza kwa kukusanya wachezaji na mashabiki waliokubali kuvua jezi na kuvaa gwanda. Kamanda wake alikuwa Luteni Kanali Alan Haig-Brown, na hakuwa mgeni wa kabumbu hata kidogo. Alikuwa winga wa ridhaa aliyepita Corinthian, Brighton & Hove Albion na Clapton Orient, ambayo leo tunaiita Leyton Orient. Naye hakurudi. Alifia kwenye mapigano yaleyale ya Machi 1918, akaacha mjane na watoto. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 10 aitwaye Roderick.

Leo habari yetu ni huyo Roderick. Nakuambia mapema, kama unatafuta mabao fungua ukurasa wa pili, maana jamaa hakupata jina uwanjani. Yeye alikuwa mvuvi. Lakini alicheza mechi moja ndefu dhidi ya timu yenye fedha, mashine na serikali nyuma yake, na mpaka sasa matokeo ya mechi hiyo yanabishaniwa.

Ukoo wenyewe ni wa mpira. Babu yake, William Haig Brown, alikuwa mwalimu mkuu wa Charterhouse kuanzia 1863, mwaka uleule chama cha soka cha England kilipozaliwa, mpaka 1897. Charterhouse ni moja ya shule ambako wavulana walikuwa wakikokota mpira kwa miguu kabla dunia haijakubaliana sheria. Timu ya waliosoma pale, Old Carthusians, ilibeba Kombe la FA mwaka 1881 kwa kuwachapa Old Etonians 3-0. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa kwenye nyumba ile Februari 21, 1908, angetegemewa aishie uwanjani au darasani.

Baba alipokufa, mama alimpeleka kwa ndugu zake Dorset, kusini mwa Uingereza. Huko kuna mto Frome, mdogo, wa maji safi yanayotoka kwenye chokaa, na ndani yake kuna trauti. Wajomba na marafiki wa familia walimfundisha mtoto yatima kurusha mshipi. Ukimsoma baadaye unaona wazi kuwa ule mto ulishika nafasi fulani ya baba, ingawa mwenyewe hakuwa mtu wa kulialia kwenye maandishi.

Mwaka 1926, akiwa na miaka 18, alivuka bahari kwenda jimbo la Washington, Marekani, akaingia kambi za wakata magogo. Kibali chake kilipokwisha akapanda kaskazini hadi British Columbia, Kanada, kwenye kisiwa cha Vancouver. Huko alifanya kila kazi. Alikata magogo, alitega wanyama wa manyoya, alivua kwa kuuza, aliongoza wageni waliotaka kuvua. Alirudi Uingereza kwa muda, akatoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1931, kisha akaondoka moja kwa moja. Mwaka 1934 alimuoa Ann Elmore, msichana wa Seattle, na wakaweka makazi kwenye ukingo wa mto uitwao Campbell. Hapo ndipo walipolelea watoto wanne, na hapo ndipo alipofia.

Sasa tuongee samaki, maana bila yeye hutaelewa ugomvi.

Trauti wa upinde wa mvua si mgeni Afrika Mashariki. Wakoloni walimpandikiza Kenya, na mpaka leo yupo kwenye mito baridi ya Mlima Kenya na Aberdare. Huyo wa kwetu anaishi mtoni maisha yake yote. Kule pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, spishi ileile ina tawi lenye tabia ya ajabu. Anazaliwa mtoni, anakaa miaka miwili au mitatu, kisha anashuka baharini akiwa na urefu wa kiganja. Anarudi baada ya miaka akiwa samaki wa kilo kadhaa, mng'avu kama sahani ya fedha, na anarudi kwenye mto uleule aliozaliwa. Na tofauti na samoni wa Pasifiki, ambao hutaga mara moja na kufa papo hapo, huyu anaweza kutaga, akateremka tena baharini na kurudi mara nyingine. Kwenye mto Campbell kundi lake kubwa lilikuwa likiingia kuanzia Desemba mpaka Aprili. Mimi hapa nitamwita trauti wa baridi.

Kumvua ni shughuli ya watu wenye moyo. Fikiria Januari, mvua inayokaribia kuwa theluji, maji yanayouma mifupa. Mvuvi anaingia mtoni na viatu vya mpira vinavyofika kiunoni, anasimama kwenye mawe yanayoteleza, anarusha mshipi, anauacha utembee na mkondo, anasogea hatua moja, anarusha tena. Vidole vinakufa ganzi. Barafu inaganda kwenye vijipete vya ufito mpaka mshipi unagoma kupita. Unaweza kufanya hivyo siku tatu usiguswe na kitu. Halafu siku ya nne mshipi unasimama ghafla, mto mzima unaonekana kuvuta, na samaki anaruka hewani mita 30 mbele yako. We acha tu. Shabiki aliyekaa dakika 88 kwenye mvua akisubiri bao moja ataelewa vizuri kuliko mtu mwingine.

Haig-Brown aliyaandika haya kuliko mtu yeyote wa zama zake. Kitabu chake cha mwaka 1946, A River Never Sleeps, kinapita mwaka mzima mwezi kwa mwezi, na kinaanzia Januari, kwenye baridi hiyohiyo. Aliandika zaidi ya vitabu 20. Asubuhi mezani, jioni mtoni, na katikati mahakamani, kwa sababu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa hakimu wa mji wa Campbell River bila kuwa na shahada ya sheria. Ulikuwa mji wa wakata magogo na wavuvi, watu aliowajua maisha yao kwa sababu aliyaishi.

Sasa njoo kwenye mechi yenyewe.

Mto Campbell unatoka kwenye maziwa ya milimani, unaanguka kwenye maporomoko ya Elk, na kutoka hapo hadi baharini ni kilomita chache tu. Samaki hawapandi maporomoko. Maana yake trauti wote wa baridi walitegemea kipande hicho kifupi cha chini. Mwaka 1947, juu ya maporomoko, likakamilika bwawa la umeme la John Hart. Baada yake yakafuata mengine. Mapema miaka ya 1950 mpango ukafika Buttle, ziwa lililo ndani ya Strathcona, hifadhi ya kwanza ya jimbo, iliyotengwa mwaka 1911. Walitaka kuliinua ziwa na kuzamisha fukwe zake na misitu yake ili wapate maji ya akiba.

Hapo hakimu akasimama. Aliandika, alihutubia, alikwenda kwenye vikao vya kusikiliza hoja, akakusanya majirani. Hoja yake kubwa ilikuwa nyepesi, kwamba hifadhi ikishakuwa mali ya umma haigeuzwi tenki kwa sababu tu mtu wa umeme amepiga hesabu na kuona ndiyo njia rahisi. Leo hoja hiyo mtoto wa sekondari angeielewa. Wakati ule, nchi ina njaa ya viwanda, alionekana mzee wa samaki anayezuia maendeleo. Mzee mwenyewe alikuwa na miaka 40 na kitu!

Alipigwa. Bwawa la Strathcona lilikamilika mwaka 1958 na ziwa likapanda. Alichoambulia yeye na wenzake ni kwamba miti ya kandokando ilikatwa na kusafishwa kabla ya maji kupanda, badala ya kuachwa ioze ndani ya maji. Ni kama kufungwa mabao manne ukapata penalti ya kufutia machozi. Na katikati ya miaka ya 1960 ukafunguliwa mgodi kwenye kichwa cha ziwa hilohilo, taka zake zikaingia majini, maji ambayo mji wa chini ndiyo uliokuwa ukinywa. Akapiga kelele tena.

Kinachoumiza kuhusu bwawa si kule juu tu. Jike la trauti huchimba shimo kwa mkia kwenye changarawe, anataga, anafukia. Mayai yanapumua kwa maji yanayopenya kati ya vijiwe. Mto wa asili unaleta changarawe mpya kila mafuriko. Ukijenga bwawa, changarawe inakwama nyuma ya ukuta, na ile iliyobaki chini inasombwa kidogokidogo hadi yanabaki mawe makubwa ambayo samaki hawezi kuyasogeza. Mto unaonekana mzuri tu, maji masafi, miti mizuri, lakini kitanda cha kutagia hakipo. Tena mitambo ikizimika ghafla maji yanashuka, na vifaranga wanabaki wakitapatapa juu ya mawe.

Alitaka kuyaona haya kwa macho yake. Akiwa ameshapita miaka 50, mtu mzima, hakimu wa mji, akavaa suti ya mpira na miwani ya kupiga mbizi, akawa anajiachia na mkondo kwenye madimbwi yaleyale aliyokuwa akivua, akitazama samaki wamekaa wapi na wanafanya nini. Nampenda kwa hilo kuliko vitabu vyake vyote. Wavuvi wangapi wangekubali kujua kwamba siku waliyorudi mikono mitupu samaki walikuwa pale pale, wamewadharau tu?

Kadiri miaka ilivyokwenda alizidi kuua samaki wachache na kurudisha wengi. Mwaka 1970 akawa mkuu wa heshima wa Chuo Kikuu cha Victoria, na akaingia kwenye tume ya Kanada na Marekani iliyosimamia samoni wa mto Fraser, mto mkubwa wa jimbo lile. Kulikuwa na mpango wa kujenga bwawa kubwa sana juu ya Fraser, mahali paitwapo Moran. Safari hii upinzani ulikuwa mkubwa, yeye akiwa mmoja wao, na bwawa halikujengwa mpaka leo. Hiyo mechi walishinda.

Alifariki nyumbani kwake Oktoba 1976, akiwa na miaka 68, wiki chache kabla trauti wa baridi hawajaanza kuingia.

Na mto? Hapa ndo pana kitu cha kuwapa moyo wanaotaka kuyarudisha maji yaliyoharibiwa. Miaka baada ya kifo chake malori yamekuwa yakipeleka changarawe iliyooshwa na kuimwaga chini ya bwawa, kazi ambayo zamani mto uliifanya bure. Mifereji ya pembeni imechimbwa ili vifaranga wapate maji tulivu wakati wa mafuriko. Kituo cha zamani cha John Hart kimebadilishwa na kingine kilichochimbwa chini ya ardhi mwishoni mwa miaka ya 2010, na hicho kina njia maalumu ya kupitisha maji, ili mitambo ikisimama mto usisimame nao. Mabwawa bado yapo, hilo tusidanganyane.

Trauti wa baridi wenyewe hawajarudi kama alivyowaacha. Upande ule wa kisiwa wamepungua sana, na sehemu ya tatizo ipo baharini, ambako malori ya changarawe hayafiki. Ukimnasa wa asili leo, sheria inakutaka umrudishe majini. Kuna watu wanatoka nyumbani alfajiri ya Januari, wanaganda kutwa nzima mtoni, wakijua kuwa hata wakibahatika watarudi na ndoo tupu. Na wanakwenda.

Nyumba yake ipo palepale ukingoni, imehifadhiwa, na kila majira ya baridi hukaribishwa mwandishi mmoja kuishi humo na kufanya kazi. Uani kwake kinapita kijito kinachoitwa Kingfisher, kidogo kiasi kwamba mtoto anaweza kukiruka. Kilikuwa kimeharibika, majirani wakajikusanya wakakirekebisha kwa majembe na mawe. Samoni wamerudi kutaga humo.