Jean Depara: mchana foto za wateja, usiku foto zake

Hapa Kasongo, mtu akiingia kwa mpiga foto anajua kile anataka. Foto ya dosie ya masomo, foto ya arusi, foto ya mtoto ametimiza mwaka mmoja. Mwenye kulipa ndiye anaamua asimame ao aikae, na nyuma yake kuwe kitambaa cha rangi gani. Kule Kabambare, vijana wenye kutoka kwenye machimbo ya zahabu ya Namoya na Salamabila wanapenda foto yenye kuonyesha viatu vipya, na fotografu mwenye kukata miguu atasikia maneno. Franka zikishatolewa, kazi imeisha.

Basi mpiga foto anafanya kazi kwa ajili ya nani? Kwa ajili yake, ao kwa wenye wataangalia? Kuna mtu mmoja wa inchi yetu mwenye maisha yake yote yalizunguka neno hilo. Watu wengi wanaijua miziki ya Franco bila kujua jina la yule mwenye alimpiga foto za ujana wake.

Jina lake lote lilikuwa Lemvo Jean Abou Bakar Depara. Alizaliwa mwaka wa 1928 huko Kibokolo, kaskazini mwa Angola, wakati Wareno walikuwa wangali wanatawala. Mwaka wa 1950 alioa, na juu ya kulinda kumbukumbu ya arusi yake akanunua apareyi ndogo ya Adox. Ni kusema apareyi ile aliinunua juu ya furaha ya nyumbani mwake, hakuna mteja mwenye alimutuma. Mwaka wa 1951 akaja kuikaa Léopoldville, yenye leo tunaita Kinshasa.

Foto peke yake haikumlisha. Alitengeneza kinga, alitengeneza saa na apareyi za watu, akauza na vyuma vikuukuu. Muji ulikuwa unakua mbio. Lakini ulikuwa umegawanyika: Wazungu upande wao, watu weusi katika cité yao. Foto nyingi zenye serikali ya koloni ilitoa za watu weusi zilikuwa za kuonyesha Ubelgiji kwamba kazi inaendelea vizuri: hospitali, shule, mashamba, watu wamepanga mstari. Wale wa kwenye foto hawakuulizwa wanapenda kuonekana namna gani.

Mwaka wa 1954 Franco akamuchagua awe fotografu wake. Franco mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 16 hivi, OK Jazz ilikuwa haijazaliwa bado, itazaliwa mwaka wa 1956. Kutoka pale jina la Depara likatembea. Akafungua studio yake, akaiita Jean Whisky Depara. Jina lenyewe linasema yote. Mchana watu walikuja na nguo zao za siku kubwa, wakasimama mbele ya apareyi, wakalipa, sawa vile inafanyika Kasongo mupaka leo.

Jua likishazama, anabeba apareyi na flashi yake, anaenda kwenye bari: Show Boat, Sarma Congo, OK Bar na zingine. Hapo ndipo foto zake zenye kujulikana zaidi zilitoka. Wachumba wamekumbatiana kwenye meza yenye chupa. Wanamuziki. Wanaume wenye vifua vipana kwenye piscine. Vijana wenye waliitwa Bills, wenye waliangalia filme za kauboi wa Amerika na kuvaa kama Buffalo Bill, kofia na kitambaa shingoni. Na wamama wa moziki, ni kusema marafiki wenye walichanga feza pamoja kama likelemba na kushona kitambaa kimoja, halafu wanatoka usiku wote wakifanana, na hakuna mwanaume mwenye aliwapa ruhusa. Kwa koloni na kwa mapadri, watu wa namna hiyo walikuwa mfano mubaya. Depara hakuwapiga kama mfano mubaya. Anawaangalia kama mtu mwenye yuko kwenye meza ya jirani na glasi yake mkononi.

Wengine watasema hizo ndizo foto alipiga kwa ajili yake mwenyewe, za studio zilikuwa za tumbo. Ni kweli kwa sehemu tu. Flashi haifichiki. Watu wale walijua wanapigwa, wakageuza uso, wakaweka mkono kiunoni, wakacheka. Walijitengeneza mbele yake, na yeye akachagua nani na saa gani. Foto moja ilikuwa ya watu wawili, mwenye kupiga na mwenye kupigwa. Mwenye kutazama kutoka mbali hakuwa hapo. Na tuseme ukweli, ni mabwana wangapi wa kwenye bari zile wangependa foto ya usiku ule ifike nyumbani kwao?

Foto zake za Kinshasa zenye zinaonyeshwa leo zinatoka 1951 na kuishia 1975. Mwaka ule wa 1975 Depara aliingia kazi ya serikali kama fotografu wa bunge la Zaïre, akafanya kazi hiyo mupaka 1989. Wabunge ndani ya abacost. Hapo hakukuwa tena mashindano: mwenye kulipa alikuwa serikali, na serikali ilijua inataka kuonekana namna gani. Franco naye alikufa mwaka huo wa 1989.

Depara alikufa Kinshasa mwaka wa 1997, mwaka ule Mobutu alikimbia na inchi ikarudia jina la Kongo. Katika vita ya wakati ule na ile yenye ilifuata, familia nyingi za Kasongo na Kabambare zilikimbilia porini, albumu zikabaki nyumbani zikaungua ao zikaloa. Foto za Depara zilipona. Wafaransa wa Revue Noire walizitoa inje, wakazionyesha Paris mwaka wa 2011, na mwaka wa 2015 zikawekwa tena Paris kwenye Fondation Cartier, katika maonyesho ya sanaa ya Kongo.

Leo foto hizo zimetundikwa ukutani, kubwa kuliko Depara alizifanya. Chini ya nyingi kumeandikwa Sans titre, bila jina, na pembeni mwaka wa kukisia. Mama wa moziki anasimama pale na kitambaa chake na marafiki zake wawili, anamuangalia mtu mwenye alishika flashi. Wageni wanapita mbele yake na programu mkononi. Labda wajukuu wake wako Kinshasa, na hawajawahi kuiona foto ile.