John Shaw Billings: Daktari wa jeshi aliyepanga maandishi ya tiba ya dunia

Siku hizi daktari au mganga wa kituo cha afya akikutana na ugonjwa asioufahamu vizuri, anaweza kutoa simu yake na kutafuta ripoti za wenzake wa nchi nyingine. Akiandika jina la ugonjwa, anapata orodha ya makala: nani kaandika, mwaka gani, katika jarida gani. Orodha hiyo haikuanza na intaneti. Ilianza karne ya 19, kwa penseli na vipande vya karatasi, mjini Washington nchini Marekani. Aliyeianzisha ni daktari wa jeshi, John Shaw Billings.

Alizaliwa wapi?

Billings alizaliwa Aprili 12, 1838, katika jimbo la Indiana, kwenye familia ya kijijini isiyokuwa na uwezo mkubwa. Tangu utotoni alipenda kusoma, na Kilatini alianza kujifundisha mwenyewe kwa kamusi.

Ilipofika zamu ya chuo, fedha hazikutosha. Alikubaliana na baba yake kwamba amsaidie kusoma, naye aache sehemu yake ya urithi iende kwa dada yake. Kwa kijana wa shamba, hilo lilikuwa jambo zito, maana aliachia mali inayoonekana kwa ajili ya elimu ambayo hakujua itamfikisha wapi. Alimaliza Chuo cha Miami kilichoko Ohio mwaka 1857, kisha akaingia chuo cha udaktari mjini Cincinnati. Huko aliishi kwa kubana matumizi sana, akafuzu mwaka 1860.

Swali lililomsumbua lilikuwa lipi?

Ili apate shahada, Billings alitakiwa kuandika kazi ya utafiti. Alichagua upasuaji wa kifafa. Wakati huo baadhi ya madaktari waliwatoboa fuvu wagonjwa wa kifafa wakiamini kwamba wangepona. Billings alitaka kujua jambo moja: kati ya waliofanyiwa hivyo, wangapi walipona na wangapi walikufa?

Majibu yalikuwepo, lakini yalitawanyika. Ripoti moja ilikuwa kwenye jarida la Ujerumani, nyingine kwenye kitabu cha Ufaransa, nyingine Uingereza. Hakukuwa na orodha ya kuaminika ya kuonyesha kipi kiko wapi, na hakukuwa na maktaba yoyote Marekani iliyokuwa na vitabu vyote alivyovihitaji. Alipekua mamia kwa mamia ya vitabu vya Cincinnati, kisha akalazimika kutafuta katika miji mingine. Miezi ilipita.

Fikiria maana yake kwa mgonjwa. Daktari aliye mbali na miji mikubwa angeweza kumtoboa mtu fuvu bila kujua kwamba wenzake wameshajaribu na wagonjwa wao wakafa. Habari hiyo ilikuwa imeandikwa na kuchapishwa, ila yeye hakuwa na njia ya kuifikia. Billings alilibeba tatizo hilo moyoni kwa miaka mingi.

Aliingiaje kwenye kazi ya maktaba?

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani, na Billings akajiunga na jeshi la serikali kama daktari wa upasuaji. Alihudumia majeruhi katika mapigano makubwa ya Chancellorsville na Gettysburg mwaka 1863. Mwishoni mwa mwaka 1864 alihamishiwa Washington, kwenye ofisi ya Daktari Mkuu wa Jeshi.

Ofisi hiyo ilikuwa na maktaba ndogo ya vitabu kama 2,000 hivi, na Billings akakabidhiwa kuisimamia. Vita vilipokwisha, hospitali za jeshi zilifungwa na zikabaki fedha ambazo hazijatumika, karibu dola 80,000. Fedha hizo zikaelekezwa kwenye maktaba, naye akazigeuza vitabu.

Hakutegemea fedha peke yake. Aliandika barua kwa madaktari, vyuo, wahariri wa majarida na mabalozi. Waliokuwa na vitabu vya ziada aliwaomba wabadilishane. Vitabu vilihifadhiwa katika jengo la Ford's Theatre, lile lile ambamo Rais Abraham Lincoln alipigwa risasi Aprili 1865. Mpaka Billings anaondoka jeshini mwaka 1895, maktaba ilikuwa na vitabu zaidi ya 100,000, mbali na maelfu ya vijitabu. Ilikuwa miongoni mwa maktaba kubwa kabisa za tiba duniani.

Orodha hiyo ilitengenezwaje?

Kukusanya vitabu ilikuwa nusu ya kazi. Billings alijua kwamba maktaba kubwa isiyo na mpangilio ni sawa na ghala lililojaa magunia yasiyo na alama. Kwa hiyo aliamua kuorodhesha vitabu, na pia kila makala muhimu ndani ya kila jarida.

Majarida yalipelekwa nyumbani kwake kwa gari la farasi. Jioni, baada ya kazi za ofisini, alikaa akiyapitia na kuweka alama ya penseli kwenye makala zinazostahili. Makarani wakanakili kila moja kwenye kadi yake. Kisha kadi zilipangwa kwa herufi, kwa jina la mwandishi na kwa jina la ugonjwa au jambo linalozungumzwa. Aliyetaka kujua habari za kifafa angefungua sehemu moja tu, akakuta yaliyoandikwa kwa lugha mbalimbali.

Mwaka 1876 alichapisha sampuli na kuisambaza kwa madaktari ili waone faida yake na kuliomba Bunge la Marekani litoe fedha za uchapishaji. Juzuu ya kwanza ya orodha hiyo kubwa, iliyoitwa Index-Catalogue, ilitoka mwaka 1880. Ya 16, iliyokamilisha mfululizo wa kwanza, ilitoka mwaka 1895.

Palikuwa na tatizo lingine. Juzuu moja ilichukua kama mwaka mzima kutoka, na makala mpya zilichapishwa kila wiki. Ndipo Januari 1879 Billings na msaidizi wake Robert Fletcher, daktari mzaliwa wa Uingereza, walipoanzisha jarida la kila mwezi lililoitwa Index Medicus. Kazi yake ilikuwa kutangaza makala mpya za tiba zilizotoka duniani. Halikuwa na faida ya kifedha. Wanunuzi walikuwa wachache, na mwaka 1899 likasimama. Lilifufuliwa mwaka 1903 kwa msaada wa Taasisi ya Carnegie ya Washington.

Ni kazi gani nyingine alizofanya?

Billings ndiye aliyechora mpango wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, iliyofunguliwa mwaka 1889. Alisisitiza hewa safi na usafi wa wodi, na alishiriki kuchagua madaktari wake wa mwanzo, akiwemo William Osler, ambaye baadaye alikuwa mwalimu maarufu wa tiba.

Alisimamia pia takwimu za vifo na magonjwa katika sensa ya Marekani ya mwaka 1880. Akiona makarani wanavyohesabu kwa mikono, alimwambia mhandisi kijana, Herman Hollerith, kwamba inafaa kuwe na mashine ya kuhesabu kwa kadi. Hollerith alipomtaka washirikiane kibiashara, Billings alikataa, kwani alichotaka ni kuona tatizo limetatuliwa. Mashine za Hollerith, zilizosoma kadi zenye matundu, zilitumika katika sensa ya mwaka 1890. Kampuni yake iliungana na nyingine, na mwaka 1924 ikaitwa IBM.

Si kila alichokisimamia kinasifiwa leo. Kuanzia mwaka 1883 aliongoza pia Makumbusho ya Tiba ya Jeshi, ambayo ilikusanya mafuvu ya Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa Marekani. Mengi yalichukuliwa makaburini bila idhini ya jamaa zao. Billings mwenyewe alishiriki kuyapima na kuyapiga picha. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1989 na 1990, Marekani ilitunga sheria za kurudisha mabaki ya aina hiyo kwa jamii zinazohusika.

Miaka yake ya mwisho ilikuwaje?

Baada ya kustaafu jeshi, Billings alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Maktaba ya Umma ya New York, kuanzia mwaka 1896. Aliunganisha maktaba zilizokuwa mbalimbali na kuchora kwa mkono wake wazo la jengo jipya: ukumbi wa kusomea uwe juu, na rafu za vitabu chini yake. Mwaka 1901 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 5.2 za kujenga matawi mitaani, ili watu wa kawaida wapate vitabu karibu na wanapoishi. Jengo kuu lilifunguliwa Mei 1911.

Mkewe, Katharine, waliyeoana naye wakati wa vita, alifariki mwaka 1912. Billings, ambaye kwa miaka mingi aliugua na kufanyiwa upasuaji mara kadhaa, alifariki Machi 11, 1913 kwa nimonia baada ya upasuaji mwingine. Alikuwa na miaka 74. Alizikwa katika makaburi ya kijeshi ya Arlington.

Kazi yake imefikaje kwenye simu?

Maktaba ya jeshi aliyoikuza ilifanywa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani mwaka 1956. Mwaka 1964 orodha yake iliingizwa kwenye kompyuta. Kuanzia mwaka 1971 maktaba za mbali ziliweza kuipekua kupitia nyaya za simu, na mwaka 1997 ikafunguliwa bure kwa kila mwenye intaneti kwa jina la PubMed. Leo ina makala zaidi ya milioni 35. Ndani yake zimo zilizoandikwa na madaktari wa Afrika Mashariki, kwa mfano katika jarida la East African Medical Journal la Nairobi.

Kwa miongo mingi wakutubi wa tiba waliendelea na kazi ile ile ya Billings: kusoma makala na kuipa jina moja linalokubalika, ili aliyeandika kwa maneno tofauti asipotee. Tangu mwaka 2022 sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na kompyuta, na watu hukagua.

Lakini kuona jina la makala si sawa na kuisoma. Makala nyingi kamili bado zinauzwa kwa dola. Ndiyo sababu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji walianzisha mpango wa Hinari, unaoziwezesha hospitali, vyuo na taasisi za nchi maskini kusoma majarida bure au kwa bei ndogo. Kwa wilaya zisizo na mtandao, shirika hilo lilituma pia masanduku ya chuma ya rangi ya bluu yenye vitabu zaidi ya 100 vya afya, na mengi yalifika Afrika.

Msikilizaji asiye daktari naye ana sehemu yake. Maktaba hiyo hiyo ina tovuti ya MedlinePlus yenye maelezo ya afya kwa lugha nyepesi, na ipo orodha ya maelezo yaliyo kwa Kiswahili. Haichukui nafasi ya kituo cha afya, ila inaweza kukusaidia kujua cha kuuliza ukifika. Na ukiwa na mgonjwa ambaye ugonjwa wake haueleweki, una haki ya kumuuliza daktari kama ametafuta wenzake wameandika nini. Billings alipokuwa mwanafunzi, kutafuta jibu la swali kama hilo kulimchukua miezi.